Dola 15 za kulinda kompyuta

Juma lililopita kijana mmoja alituletea programu ya kulinda kompyuta ya kikundi: dola 15 badala ya 40. Tulikuwa karibu kulipa, maana mwaka jana flashi iliyotoka kwa mtu wa fotokopi ilitupotezea hesabu zote za likelemba, tukakaa tukitazamana vibaya. Lakini tuliuliza: mwaka wa pili ni ngapi? Akajibu, dola 40. Tena binti yetu akatuonyesha kwamba Windows yetu ina Defender ndani, bure. Inadai mega tu za kuisasisha. Basi tulinunua mega na flashi ya kutunza nakala ya hesabu. Flashi ya mgeni haiingii kabla ya kuchunguzwa. Wamama, mukisikia punguzo, ulizeni bei ya mwaka kesho.