Moshi wa Alfajiri Bonde la Jangwani

Anayetoka Magomeni kwa miguu baada ya swala ya Alfajiri, akateremka Barabara ya Morogoro hadi daraja la Jangwani, hulikuta jiji la Dar es Salaam limejifunika shuka jeupe. Miezi ya Juni na Julai, wakati wa kipupwe, shuka hilo hulala juu ya bonde la Mto Msimbazi, na mgeni hulidhania ukungu. Pua humsahihisha: ni moshi wa mkaa, wa taka na wa magari.

Kwa shughuli za kamati nilikuwa nikipita hapo kila wiki pasi na kujiuliza. Aliyenizindua ni mtoto mmoja wa madrasa yetu, mwenye pumu. Alfajiri alikuwa akibanwa kifua. Ifikapo adhuhuri anacheza na wenzake. Tulidhani ni baridi, na mama yake akamvalisha sweta mbili.

Asubuhi moja niliendelea hadi Kivukoni, kwenye soko la samaki la Feri. Nikamwamkia nahodha mmoja mtu mzima, nikamuuliza habari za pepo.

"Sheikh," akasema, "usiku nchi kavu hupoa, upepo ukatoka bara kwenda baharini. Huo ndio umande, nasi hutoka nao. Jua likipanda, bahari nayo huleta wake. Lakini umande ni mnyonge, hautikisi hata kanzu yako."

Maneno yake yalinifungua macho. Hewa ya usiku iliyo karibu na ardhi hupoa, ikawa nzito na kutuama mabondeni. Ile yenye vuguvugu iliyo juu huifunika kama kawa juu ya sinia. Moshi wa usiku hauna pa kupanda, hungoja upepo wa mchana uje kuufagia. Na chembe zake zenye kipenyo cha mikromita 2.5 au chini ya hapo, ndogo kuliko unene wa unywele takriban mara 30, hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka kwa chembe hizo, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Nasi tulikuwa tukifanya nini? Naona haya kuandika. Majani ya mwarobaini na mifuko ya plastiki ya msikitini ilichomwa nyuma ya madrasa baada ya Isha, kwa hoja kwamba mchana kuna watoto. Ruhusa ilikuwa na saini yangu. Tulichagua saa mbaya kuliko zote.

Kamati ilijadiliana muda mrefu (mzee mmoja alishikilia kuwa moshi hufukuza mbu, na hakukosea kabisa). Hatimaye tukaafikiana taka zifungwe magunia, zingoje mkokoteni wa Jumamosi. Harufu ipo, na fedha ya kumlipa mwenye mkokoteni hupatikana kwa taabu. Mtoto bado anatumia dawa ya kuvuta aliyopewa na daktari, ila sweta ya pili ameivua.

Nyuma ya ukuta wetu, jirani bado anachoma. Tumeahidiana kuonana Ijumaa, baada ya swala.