Joistiki ya Kwanza: Lipia Kihisi, Usilipie Vitufe

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na msimbo. Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kuliko swali lolote la kuandika programu: mtu ambaye hajawahi kushika joistiki maishani anunue ipi ili acheze simuleta za ndege za kivita? Sizungumzii ile pedi ya gemu za mpira. Nazungumzia fimbo yenyewe, ile inayosimama mezani kama ya rubani: ukiivuta, pua ya ndege inapanda, ukiisukuma, inashuka.

Najua kuna atakayecheka. Dandora na ndege za kivita, wapi na wapi? Lakini hebu inua macho. Kambi ya anga ya Moi iko Eastleigh, si mbali na hapa, na ndege za jeshi tunazisikia juu ya mabati yetu. Siku za sikukuu za kitaifa, F-5 zikipita kwa kishindo, watoto wote hutoka nje kutazama. Kenya ilianza kupata ndege hizo mwaka wa 1978, na makao yake yakawa Nanyuki. Ndege hiyohiyo, F-5E, imo ndani ya simuleta ya DCS World tangu 2016. Kwa hiyo kijana wa Dandora akitaka kuirusha, hatamani kitu cha mbali. Anatamani kitu alichokisikia kikipita juu ya nyumba yao.

Mara ya mwisho swali hili lilinijia mlangoni. Kijana mmoja, jirani yangu hapa Phase 4, alikuwa akienda mjengo kubeba mawe na kuchanganya saruji, na kwa miezi saba alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo kwenye simu. Alikuja na picha ya joistiki inayowaka taa nyekundu na bluu, vitufe vimejaa kila mahali kama chunusi. Mama yake alikuwa nyuma yake.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi sijui hiki kidude ni cha nini. Ila najua hizi pesa zimetoka wapi. Ukimwambia anunue, basi kisife kabla ya Krismasi."

"Nimekusikia, mama," nikamjibu.

Sasa hapo mama alikuwa amesema kwa sentensi moja kile ambacho matangazo ya dukani hayasemi. Joistiki ya kwanza haipimwi kwa wingi wa vitufe. Inapimwa kwa jinsi itakavyoufundisha mkono wako, na muda itakaodumu hapa tunapoishi. Twende polepole.

Kwanza, unacheza gemu gani? Hili ndilo swali la kumwokoa mtu asitoe pesa bure. War Thunder, kwa mfano, inapakuliwa bila malipo na vijana wengi huanzia hapo. Lakini katika mapambano yake ya kawaida mchezaji anaruhusiwa kulenga kwa kipanya: anaelekeza kipanya mahali anapotaka, na kompyuta yenyewe inaipeleka ndege huko. Ukija na joistiki dhidi ya mtu wa kipanya, atakutungua kabla hujajua yuko wapi. Joistiki inakuwa na maana katika yale mapambano ya simuleta halisi, ambako kulenga kwa kipanya hakuruhusiwi na kila mtu anaongoza ndege kwa mkono wake. Kama huendi huko, baki na kipanya chako, pesa zako nunulia kitu kingine.

Pili, kompyuta yako ni ipi? Wengi wetu tunatumia zile za mezani zilizotoka maofisini ng'ambo, zisizo na kadi ya michoro ya maana. DCS World inakupa bure ndege mbili, Su-25T na TF-51D, lakini ni nzito: itakumaliza data wakati wa kuipakua, halafu itaitesa mashine. Kwa kompyuta ya zamani, IL-2 Sturmovik 1946, iliyotoka mwaka wa 2006, bado ni mwalimu mzuri sana. Imejaa ndege za Vita vya Pili vya Dunia na haina makuu.

Tatu, ndiyo tunafika kwenye fimbo. Ndege inageuka kwa njia tatu: pua kupanda na kushuka, mabawa kulala kushoto na kulia, na mkia kusukumwa upande huu au ule. Rubani halisi hufanya hilo la tatu kwa miguu. Sisi ambao hatuna pedali tunahitaji fimbo inayozunguka kwenye shina lake, yaani unaipinda kama unayefungua chupa. Ongeza hapo kimkono cha kuongeza na kupunguza nguvu za injini. Hiyo ni mihimili minne. Joistiki isiyo nayo minne, iache hapohapo dukani. Ikiwa nayo, weka pia kitufe cha kufyatulia risasi na ile kofia ndogo ya kidole gumba ya kutazamia pande zote, kwa sababu adui usiyemwona ndiye anayekuua. Vitufe vingine vyote unavyo tayari. Viko kwenye kibodi!

Nne, na hapa ndipo ninapowasihi msikilize: uliza chini ya fimbo kuna nini. Kompyuta haioni mkono wako. Inasoma namba tu. Kuna kihisi kinachogeuza mwendo wa fimbo kuwa namba, na viko vya aina mbili kubwa. Cha kwanza ni potenshometa, kama kile kilicho nyuma ya kitufe cha sauti cha redio ya zamani. Kipande cha chuma kinateleza juu ya utepe wa kaboni, na kwa kuwa vinasuguana, vinakwisha. Cha pili kinatumia sumaku, kwa kanuni aliyoigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka wa 1879: sumaku inasogea, kihisi kinapima nguvu yake, na hakuna kinachogusa kingine.

Kwa mtu anayekaa penye hewa safi, tofauti hiyo labda ni anasa. Kwa Dandora si anasa. Vumbi letu tunalijua, na moshi wa jaa tunaujua. Mwaka wa 2007 UNEP ilitoa matokeo ya utafiti uliowapima watoto 328 wa karibu na jaa hili, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Vumbi linaloingia vifuani mwa watoto halitashindwa kuingia ndani ya kidude cha plastiki. Likikaa kwenye ule utepe wa kaboni, namba zinaanza kuruka: mkono umetulia, ndege inatetemeka kama ina homa.

Mtu atasema, "Si programu ina mahali pa kurekebisha?" Ndiyo, ipo. Unaiambia ipuuze mwendo mdogo wa katikati. Lakini hebu tupige hesabu. Tuseme mhimili wako unatoa namba 1,024 kutoka mwisho hadi mwisho. Ukipuuza asilimia 10, umetupa namba kama 102, na zote ni za katikati. Na kulenga shabaha kunafanyika wapi? Palepale katikati, kwa mwendo mdogo kuliko unene wa ukucha. Yaani umetibu homa kwa kukata kidole. Mimi ni mtu wa programu na nakwambia bila haya: programu haiwezi kurudisha taarifa ambayo kihisi hakikuitoa.

Sasa majina. Logitech Extreme 3D Pro ni ya siku nyingi: vitufe 12, kofia ya pande nane, fimbo inazunguka, kimkono cha injini kipo chini. Umbo lake ni la mkono wa kulia tu, kwa hiyo wenzetu wa mashoto wasijisumbue. Thrustmaster T.16000M ina vihisi vya sumaku kwenye ile mihimili miwili mikuu, na kila mmoja unagawanywa katika hatua 16,384. Vipande vyake vya kushikia vinabadilishwa kufuata mkono wa kushoto au wa kulia. Ila elewa kwamba kuzunguka na kimkono cha injini bado ni potenshometa. T.Flight Hotas X ya kampuni hiyohiyo inaweka mkono wa injini kwenye kipande chake pembeni. Ni raha kama meza yako ina nafasi. Juu yake iko VKB Gladiator NXT EVO, ambayo hata kuzunguka kwake kunasomwa bila kusuguana, lakini hiyo ni ya kuagiza na bei yake si ya mtu anayejaribu tu.

Ushauri wangu kwa anayeanza: kama pesa zinafika, chukua yenye sumaku kwenye mihimili miwili mikuu. Kama hazifiki, Extreme 3D Pro nzima itakufundisha vizuri, mradi uifunike kwa kitambaa kila ukimaliza. Usicheke, kitambaa ni cha bei rahisi.

Na mitumba je? Mitumba ni halali yetu, lakini ina mitego. Wa kwanza ni mdomo wa waya. Ukiona mdomo mpana wenye pini 15, hiyo ni joistiki ya enzi za kabla ya USB. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo, na Windows yenyewe iliacha kulihudumia tangu toleo la Vista la 2007. Hata ukiuziwa kwa bei ya soda, iache.

Mtego wa pili ni kihisi kilichochoka, na huo hauonekani kwa macho. Kwa hiyo usinunue bila kupima. Beba laptopu au mwombe muuzaji kompyuta. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, ufungue ukurasa wa majaribio. Kwenye Linux tumia jstest. Kisha fanya hivi: achia fimbo, alama inarudi katikati na kutulia? Isukume polepole sana, alama inatembea au inarukaruka? Ipinde kushoto na kulia mara kumi, maana hapo ndipo uchakavu huanzia. Bonyeza kila kitufe. Dakika tano tu. Muuzaji akikataa usipime, amekwisha kukujibu.

Yule kijana tulikwenda naye mjini tukapima nne. Mbili zilikuwa zikitetemeka, moja ilikuwa na kitufe cha risasi kilichokufa. Ya nne, ya mitumba na yenye sumaku, isiyo na taa hata moja, ilitulia kama maji mtungini. Aliitazama kwa huzuni kidogo, maana ile ya picha ilikuwa inang'aa kweli. Akailipa. Chenji akaongezea kumbukumbu kwenye kompyuta yake. Fundi wa mbao wa mtaa wetu akampa kipande cha ubao, tukaifunga kwa skurubu nne ili aiweke katikati ya magoti, kama ilivyo kwenye ndege. Krismasi imepita, na fimbo ni nzima.

Wanaoona haya kununua kitu kisicho na mbwembwe niwakumbushe mtu mmoja. Mwaka wa 1939 kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi na Shell pale Dar es Salaam aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Jina lake Roald Dahl, ndiye baadaye aliyekuja kuandika vitabu vya watoto. Alifundishwa hapa Nairobi kwa Tiger Moth, kindege cha mabawa mawili-mawili kisicho hata na flapu. Fimbo moja, pedali, mkono wa injini, basi. Baada ya saa 7 na dakika 40 alikuwa akiruka peke yake, na mwaka wa 1941 alikuwa akipigana angani Ugiriki ndani ya Hurricane. Mkono ulifundishwa kwanza. Vitufe vilifuata.

Simaanishi kwamba joistiki itamfanya mtu rubani. Haitamfanya. Leseni inataka shule, saa za angani na pesa ambazo mjengo haulipi. Lakini itamfundisha kwa nini ndege inayopanda mno hupoteza kasi na kuanguka, na kwa nini kuvuta kwa nguvu si sawa na kuvuta kwa wakati. Elimu hiyo inapatikana kwa fimbo ya kawaida iliyo nzima, na haipatikani kwa fimbo ya taa iliyo mbovu.

Kwa hiyo ukienda dukani, beba laptopu, beba subira, na ukionyeshwa taa uliza kihisi. Tuonane tena panapo majaliwa.