Nyigu Wawili Katika Njia ya Soroti

Msafiri atokaye Mbale kwenda Soroti, mashariki ya Uganda, hupita Kumi, nchi tambarare yenye miamba mikubwa na mashamba ya ulezi, mtama na muhogo. Wenyeji husaga muhogo pamoja na nafaka, wakapika ugali mzito waitao atap. Adui wa muhogo, basi, ni adui wa kila chungu.

Katika nyumba nyingi atamwona nyigu wa matope: mweusi, miguu ya manjano, kiuno chembamba kama uzi. Huyu ni mwindaji. Humdunga buibui, akapooza bila ya kufa, kisha humbeba hadi chumba cha udongo alichokijenga ukutani. Hukijaza buibui kadhaa, hutaga yai moja, akaziba mlango. Nyama haiozi, na mtoto hula polepole. Watu humwangusha kwa ufagio wakidhani ni mkali; kumbe hana kundi la kulinda, na ni nadra kumdunga mtu.

Nyigu wa pili hana sifa hata kidogo, maana urefu wake haufiki milimita 3. Wataalamu humwita Anagyrus lopezi. Hajengi wala habebi windo. Yeye hutaga ndani ya mwili wa kidung'ata wa muhogo, mdudu mweupe kama aliyenyunyiziwa unga. Mtoto humla kidung'ata kutoka ndani, akabaki ganda kavu.

Kidung'ata huyo alitoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1973 alionekana karibu na Kinshasa, nchini Zaire ya wakati ule, akaenea ukanda wa muhogo barani. Vichipukizi vikajikunja na mashamba yakadumaa. Huku hakuwa na wa kumzuia. Mwaka 1981 nyigu wake alipatikana Paraguay, akachunguzwa Uingereza, akafikishwa Ibadan, Nigeria, na kuachiliwa mashambani mwaka huo huo. Hans Herren wa Uswisi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995.

Kwa maoni yangu, nyigu wa matope amepata jina bure. Yeye hukamata hata buibui wanaotusaidia kula wadudu. Huyu mdogo hutafuta kidung'ata tu. Lakini dawa ya kunyunyizia yaweza kuwaua wote wawili, nyigu na kidung'ata. Kabla ya kushika bomba, ndugu mkulima, chungulia majani ya kileleni: ukiona maganda ya kahawia yenye tundu, nyigu amekwisha kutoka humo, na kazi inaendelea.