Masalio ya Wenzetu Ndani ya Diski

Msomaji wangu, ukifuta barua katika kompyuta, au picha katika kadi ya simu yako, usidhani ya kuwa kitu kile kimechomwa moto. Aghalabu kilichofutwa ni jina lake tu katika orodha, na mahali pake pameandikwa kuwa ni wazi kwa yeyote apatakaye. Maneno yenyewe huweza kubaki pale pale yalipokuwa, kama mahindi yajioteayo katika shamba lililohamwa. Habari nitakayo kukusimulia ni ya yule apewaye shamba hilo baadaye, na ya mlinzi aliyewekwa kati yake na mabaki ya mwenyeji wa kwanza.

Mlinzi huyo ni programu ambayo mafundi huiita draiva ya mfumo wa faili. Programu nyingine zote zitakapo kusoma faili humwomba yeye. Wala hazioni diski, huona kile tu alichozikabidhi. Kazi yake yaonekana nyepesi: aulizwe, achukue, alete. Lakini kuna faili ambazo sehemu yake haijaandikwa na mtu, na hapo ndipo uaminifu wake hupimwa.

Utauliza, faili huwaje kubwa kuliko kilichoandikwa ndani yake? Mfikirie mtu aliyekatiwa ekari 10 naye amelima 6. Hati yasema 10, na jembe lasema 6. Programu nyingi hufanya vivyo hivyo kwa makusudi: hujitengea nafasi kubwa mapema ili faili ikae mahali pamoja isitawanyike, kisha huijaza kidogo kidogo. Katika mfumo uitwao exFAT, ambao kampuni ya Microsoft iliutoa mwaka 2006 na ambao hutumika katika kadi za SDXC zenye nafasi ipitayo GB 32, kila faili huandikiwa hesabu mbili, kila moja ya baiti 8. Ya kwanza ni urefu wa faili nzima. Ya pili ni urefu wa sehemu iliyokwisha kuandikwa kweli. Maelezo rasmi ya mfumo huo yalitolewa kwa watu wote mwaka 2019, nami niliyasoma kwa jioni kadhaa. Katika kurasa zote zile hapana kitu kilichonipendeza kama ile hesabu ya pili. Ni hesabu ya mtu mwaminifu, akubaliye kusema, "Hapa ndipo nilipofika."

Asiyeijali hesabu hiyo hudhuru watu asiowajua. Fundi mmoja wa mjini kwetu aliletewa kadi iliyokuwa na faili ya sinema ya arusi. Nafasi ya faili ilikuwa imetengwa yote, kisha betri ya kamera ikaisha kabla ya nusu. Chombo alichotumia kuisoma kilijua hesabu ya kwanza tu. Kikachota faili hadi mwisho wa urefu wake. Baada ya picha za bibi arusi yakafuata maneno: orodha ya majina ya wagonjwa, na mbele ya kila jina ugonjwa wake. Kadi ile ilikuwa imetumika zamani katika ofisi fulani, ikafutwa, ikauzwa. Fundi hakuvunja kufuli wala hakuiba neno la siri. Aliomba sinema ya arusi, akapewa siri za watu wagonjwa. Alinionyesha mistari miwili, nikamwomba aifunge, naye akaifunga.

Sasa tutazame draiva njema hufanyaje. Chukua faili yenye urefu wa baiti 10,000, ambayo zilizoandikwa ni 6,000. Programu yaomba baiti 4,096 kuanzia ile ya 4,000. Draiva huleta kutoka katika diski baiti 2,000 za kweli, yaani mpaka inapofika 6,000. Na zile 2,096 zilizosalia huzijaza sifuri yenyewe, bila ya kuigusa diski. Kama ombi zima liko mbele ya 6,000, hujibu kwa sifuri tupu. Na kama ombi lapita 10,000, hukoma hapo, maana hapo faili imekwisha.

Kuna mtego mmoja mdogo, na ndio unaowanasa walio werevu. Diski haisomwi baiti moja moja. Husomwa kwa vipande, na kipande kidogo cha desturi ni baiti 512. Mpaka wetu wa 6,000 hauangukii ukingoni mwa kipande: umo ndani ya kipande cha 12, nacho humalizikia 6,144. Basi draiva inapokichukua kipande hicho, huchukua pamoja nacho baiti 144 za mtu mwingine. Imekwisha kuzishika mkononi! Haina budi kuzifuta katika kumbukumbu kabla ya kuukabidhi mzigo. Baiti 144 zatosha jina la mtu, namba yake ya simu, na zaidi.

Wengine huuliza, kwa nini draiva isikatae tu na kusema, "Hapa hapajaandikwa"? Kwa sababu programu iliyoambiwa kwamba faili ina baiti 10,000 hutazamia kupata 10,000, na sheria ya zamani ya mifumo ya jamaa ya Unix ni kwamba pengo lisiloandikwa husomwa kama sifuri. Naikubali sheria hiyo, walakini sidai kuwa haina kasoro. Mwalimu akiandika sifuri mbele ya jina la mwanafunzi, huwezi kujua kama mtoto alifanya mtihani akakosa yote, ama hakuwapo siku ile. Sifuri ya draiva ina utata uo huo. Lakini kati ya jibu lenye utata na siri ya mgonjwa, uchaguzi wangu ni mwepesi.

Ugumu zaidi uko katika kuandika. Mtu akiruka akaandika mahali pa 9,000 hali mpaka ungali 6,000, draiva ya exFAT haiwezi kuusogeza mpaka hivi hivi, kwani pengo la katikati litahesabiwa kuwa limeandikwa. Hulijaza sifuri katika diski yenyewe kwanza, ndipo iusogeze mpaka. Na faili ikiwa kubwa sana, kazi hiyo huchosha. Utaratibu nao ni lazima ushikwe: sifuri na maneno kwanza, hesabu baadaye. Ukigeuza, na stima ikakatika kati ya hatua hizo mbili, jambo ambalo wewe na mimi tunalijua vizuri, mpaka utakuwa umesogea juu ya magugu.

Mfumo wa ext4, uliotangazwa kuwa tayari katika Linux 2.6.28 mwezi wa Desemba 2008, ulitafuta njia nyingine, nami naiona nzuri zaidi. Haukuweka mpaka mmoja kwa faili nzima. Kila fungu la nafasi lina hesabu ya vipande vyake, na hesabu hiyo yenyewe hueleza hali yake: ikiwa haizidi 32,768, fungu limeandikwa, ikizidi, limetengwa tu, nawe hutoa 32,768 upate idadi ya kweli. Hivyo 32,868 maana yake ni vipande 100 visivyoandikwa, na draiva ikiliona fungu hilo hujibu sifuri bila ya kwenda diskini. Mtu akiandika vipande 10 katikati ya hivyo 100, fungu hupasuliwa matatu: la kati huwa limeandikwa, na mawili ya kando hubaki yamefunikwa vile vile.