Pima kwa Debe, Mpwa Wangu

Mgeta, Morogoro
Septemba

Mpwa wangu mpendwa,

  Huku milimani bibi yako miguu inamsumbua kidogo, lakini bado anaamka alfajiri kuwatazama mbuzi wake kabla hajanywa chai.

Mama yako kanieleza kwamba pale Chanika umepima matuta sita ya mboga nyuma ya nyumba, na kwamba umekwisha kununua viroba kumi vya mboji kwa muuza miche wa barabarani. Anasema unafikiria kuongeza hamsini. Nimeona nikuandikie kabla hujatoa hela nyingine. Unajua desturi yetu Waluguru: mpwa akipotea, anayeulizwa ni mjomba.

Nilipokuja kwako mwezi wa sita niliuchota udongo wako nikaumwagia maji ya kikombe. Maji yalizama kabla sijakiweka kikombe chini. Nikaukamata kwa mkono na kuukaza. Nilipofungua kiganja ukamwagika kama sukari. Huo ni mchanga, mwanangu, na mchanga haushiki maji wala haushiki chakula cha mmea. Ukiumwagia mbolea ya dukani, mvua moja kubwa ya masika inaishusha chini mizizi isikofika. Kwa hiyo kutafuta mboji hukukosea hata kidogo. Ninachokuomba ni uinunue kwa akili, maana kwa joto la pwani vijidudu vya udongoni vinakula mwaka mzima bila kupumzika, na mboji yote utakayoiweka leo vitaimaliza. Viroba hamsini kwa mkupuo mmoja havitakufikisha mbali. Kidogo kila msimu, kwa miaka, ndicho kinachogeuza rangi ya udongo. Basi chagua kitu ambacho mfuko wako utakimudu msimu huu na msimu ujao na ule wa baadaye.

Sasa tuhesabu, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari. Tuta lako moja lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 1.20. Ukitaka kulitandaza mboji ya unene wa sentimita 2.5, yaani kama pingili moja ya kidole gumba, unahitaji lita 300. Debe ni lita 20, kwa hiyo tuta moja linakula debe 15, na matuta sita debe 90. Chukua kimoja katika vile viroba ulivyonunua, ukimimine kwenye debe uone kinajaza kiasi gani. Kiroba kina tabia ya kuonekana kikubwa kikiwa kimesimama dukani.

Tuseme kwa mfano kiroba ni shilingi 6,000 na kinatoa debe moja na nusu. Hapo debe moja umelinunua shilingi 4,000, na tuta moja limekula 60,000. Upande wa pili tuseme samadi ya ng'ombe ni shilingi 6,000 kwa gunia la debe sita, na kirikuu anakudai 30,000 kukuletea magunia ishirini. Debe moja limekufikia kwa 1,250. Samadi hiyo ikivunda itasinyaa mpaka karibu nusu, kwa hiyo debe moja lililoiva limekugharimu 2,500, na tuta ni 37,500. Bado umeokoa. Lakini kirikuu huyohuyo akibeba magunia matano tu kwa bei ileile, nauli peke yake inakuwa shilingi 1,000 kwa debe, na faida yako inaliwa njiani. Bei za kwenu weka mwenyewe. Njia ya kuhesabu ni hiyo. Zungumza na majirani wawili watatu mjaze gari, kila mtu ashushiwe mafungu yake.

Mbolea za asili ni nzito na zina maji mengi, ndiyo maana cha karibu mara nyingi hukishinda cha mbali. Na wewe una bahati ya mahali. Pugu pana mnada wa ng'ombe. Wafugaji wa kuku wamejaa huko kwenu kote, na banda likisafishwa yale maranda yaliyochanganyika na kinyesi huwa ni mzigo kwao. Makumbi ya nazi yanatupwa. Nyasi za kando ya barabara zinafyekwa na kuchomwa moto, jambo linaloniuma kila nikiliona. Kabla hujanunua chochote, zunguka kwa siku moja uone ni nini kinachotupwa ndani ya mwendo wa toroli.

Ila usikimbilie kila cha bure. Samadi ya mahali ng'ombe wengi wanapokanyaga ina mchanga mwingi, na mchanga unao tayari. Chukua chupa ya maji ya wazi, weka konzi moja ya samadi, jaza maji, tikisa, iache isimame robo saa. Mchanga utalala chini kwanza, na utauona mstari wake. Ukifika nusu ya kile ulichotia, mwachie muuzaji samadi yake. Tena pima maji: anika kilo moja juani siku mbili, upime upya. Ikirudi nusu kilo, ujue nusu ya hela yako ulikuwa unanunulia maji ambayo ungeyachota bombani.

Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi kuliko ya ng'ombe, na ndiyo inayowadanganya watu wengi. Msimu mmoja nilinunua shehena yake kutoka bondeni. Muuzaji aliniapia kwamba imekaa miezi minne. Nilipofungua gunia la kwanza harufu ya amonia ikanichoma macho, na hapo ndipo nilipaswa kusimama. Lakini gari lilikuwa limekwisha lipwa na miche ya kabichi ilikuwa inasubiri, nikaichanganya kwenye mashimo nikapanda siku ileile. Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa kahawia kama zimepitiwa na moto. Siku ya sita nilikuwa naokota miche iliyolala, bibi yako amesimama juu ya tuta hasemi neno. Samadi ile haikuwa na ubaya wowote, ilikuwa mbichi. Ile iliyobaki niliiweka kwenye biwi pamoja na majani makavu, na baada ya miezi mitatu ilinilishia karoti nzuri sana. Basi pua yako iwe ya kwanza kununua. Mboji iliyoiva inanuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ikichoma, ikinuka mkojo au yai bovu, au ukiingiza mkono ndani ukakuta moto, bado.

Maranda na vumbi la mbao likiwa bichi usilifukie tutani. Vijidudu vikitaka kulisaga vinanyang'anya naitrojeni ya mmea, na mchicha wako unakuwa wa njano hata ukimwagilia asubuhi na jioni. Liwe tandazo juu ya udongo, au lipite kwenye biwi kwanza. Jivu la jikoni lina potasiamu na linafanya kazi kama chokaa. Konzi moja kwa mita moja ya mraba inatosha, na usilichanganye na samadi mbichi, maana linaifukuza amonia hewani na naitrojeni inakwenda nayo. Mashudu ya alizeti ni mbolea nzuri, lakini wafugaji wanayagombea na bei yake si ya bustani. Waachie ng'ombe, wewe chukua kinachotoka nyuma yao.

Udongo mweusi wa dampo usiuguse, hata ukiletewa mlangoni bila malipo. Unapendeza kwa macho, ila ndani yake pana vioo na mabaki ya betri, na risasi ya betri ikiingia kwenye udongo haitoki tena. Mboga za majani unawalisha watoto. Uchafu wa vyoo nao vivyo hivyo, usiukubali kwenye mboga hata ukiambiwa umekauka.

Kuna sumu nyingine isiyonuka wala kuonekana. Zipo dawa za kuua magugu ya malishoni ambazo zinapita tumboni mwa ng'ombe zikiwa nzima, zinakaa kwenye samadi miezi mingi, na hata kwa kuvunda haziondoki upesi. Nyanya na maharage ndiyo yanayoumia zaidi. Kwa hiyo kila ukipata samadi au mboji ya mtu usiyemjua, fanya hivi: toboa makopo manne chini. Mawili tia mchanga wako mtupu, mawili tia mchanga uliochanganywa nusu kwa nusu na mboji hiyo. Panda maharage matatu kila kopo, mwagilia sawasawa, subiri wiki tatu. Majani mapya yakitoka yamejikunja kama kikombe au yamesokotana, mboji hiyo isiingie bustanini. Viroba kumi ulivyonavyo navyo vijaribu namna hii kabla hujavifungua vyote.

Cha bei nafuu kuliko vyote ni biwi lako mwenyewe, na nakuomba ulianze wiki hii ili mvua za vuli zikianza zilikute limeshika moto. Chagua kivuli. Chini weka vijiti ili hewa ipite, kisha tabaka la makavu, nyasi au mabua, unene wa shibiri moja. Juu yake majani mabichi na mabaki ya jikoni. Juu yake samadi ya kuku ile yenye maranda, kidogo. Nyunyizia maji, rudia. Likifika mita moja na nusu kwenda juu, na upana kadiri hiyo, lifunike kwa nyasi au makuti. Vikavu vizidi vibichi kwa ujazo, kama mafungu mawili kwa moja. Chomeka fimbo katikati iache humo. Baada ya siku tano ichomoe uishike: ikiwa ya moto kiasi kwamba hutaki kuikamata muda mrefu, kazi inaendelea, maana ndani kunafika nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Ikitoka baridi na kavu, ongeza maji. Ikitoka baridi na inanuka, biwi limelowa mno. Lipindue, uongeze makavu. Kamata konzi ya mboji uikaze: matone mawili matatu yakitoka kati ya vidole, unyevu umekaa sawa. Pindua kila wiki tatu, na kabla ya Krismasi utakuwa na mboji.

Wakati unasubiri, panda kunde kwenye matuta matatu. Majani mnakula, na mashina mnayafukia yakianza tu kutoa maua. Hiyo ni mbolea isiyohitaji gari.

Sikufundishi mambo ya kitabuni. Mjomba wangu mimi alikuwa kijana wakati serikali ya kikoloni ilipowalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ya ngazi kwa amri. Aliniambia kilichowaudhi zaidi wakulima: ukichimba ngazi pana kwenye mteremko wenye udongo mwembamba, ule mweusi wa juu unafukiwa, na unabaki unapanda juu ya udongo mwekundu usiozaa. Mwaka 1955 watu wa Matombo walifanya ghasia, na mpango ule ukafa. Lakini huku Mgeta wanawake walikuwa na ngazi zao ndogo tangu zamani. Wanakwatua magugu, wanayalaza kwenye mfereji wa chini, wanayafunika kwa udongo wa juu, na msimu unaofuata wanapanda palepale yalipoozea. Hakuna aliyenunua kitu. Baadaye, miaka ya 1980, wakaja mbuzi wa maziwa kutoka Norwei, na samadi ya bandani ikaongezeka. Hao anaowaamkia bibi yako ni uzao wao. Karoti na kabichi zinazoshuka kwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam zimelishwa na magugu yaliyofukiwa na banda la mbuzi.

Kwa hiyo hivyo viroba hamsini visubiri. Vile kumi, vikipita kwenye jaribio la maharage, viweke kwenye mashimo ya nyanya chungu na bamia peke yake, konzi mbili kila shimo. Usivitandaze tuta zima vikapotea. Matuta mengine yafunike kwa nyasi, unene wa viganja viwili, usiache mchanga uchi juani hata siku moja. Andika kwenye daftari kila debe linaloingia na limetoka wapi na kwa shilingi ngapi.

Ukija Krismasi niletee makopo mawili ya udongo, moja la tuta uliloweka mboji na moja la pembeni ambako hujagusa. Bibi yako anataka kuushika kwa mkono wake.

Msalimie mkeo na watoto.

Mjomba wako