Maua Mekundu ya Kinango

Mwenye kutoka Diani kwenda Kinango huuona mlangamia kabla hajaipa bahari kisogo. Umetanda juu ya vichaka vya ufuoni mithili ya nyuzi zilizotatizana. Hauonyeshi majani, wala hauna haja ya mzizi ardhini ukishamshika mwenyeji wake. Tukapinda Kombani, tukapanda Kwale, kisha tukateremka upande wa pili wa vilima vya Shimba, ambako mvua ni haba. Njiani mwenzangu akanionyesha kirukia juu ya tawi. Hicho hupandwa na ndege, kwani mbegu yake ina ulimbo na hugandia mtini. Kina majani ya kijani na hujitengenezea chakula. Kwa mwenyeji huchukua maji na chumvi za ardhi. Huyo, kwa maoni yangu, ni mgeni mwenye haya kidogo.

Asiye na haya tulimkuta shambani.

Tulikwenda taazia. Baada ya dua, bibi mmoja mjane akanivuta kando. “Shehe wangu, nisomee shamba langu. Limefanywa.” Mahindi yalikuwa ya magotini, yamenyauka kama yenye kiu, ilhali mvua ilikuwa imenyesha juzi. Akanong’ona jina la jirani yake, mkongwe kama yeye. Enyi akina mama, sisi wa Pwani twajua neno kama hilo, likishatoka kinywani, laweza kumfikisha wapi mzee wa watu.

Nikamwambia, “Bibi, dua nitaomba. Kwanza naomba jembe.”

Chini ya mahindi palikuwa na vimea vifupi vyenye maua madogo mekundu, mazuri ya kutazamika. Tukachimbua shina la mahindi pamoja na kimea kilicho karibu nalo, tukausuuza udongo taratibu kwa maji ya birika. Mzizi wa kimea ulikuwa umeng’ang’ania mzizi wa mahindi.

Wenzetu wa Tanzania huliita gugu hili kiduha. Nduguye wa kanda ya Ziwa Victoria ana maua ya zambarau. Mbegu zake ni kama vumbi. Mmea mmoja hutoa maelfu kwa maelfu, nazo huweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki hata mzizi wa mahindi, mtama au nafaka nyingine ya jamii hiyo upite karibu na kutoa dalili yake. Tena madhara mengi hutendeka chini kabla kimea hakijachomoza, ndiyo maana mwenye shamba huona mahindi yakidhoofu asimwone mwizi.

Nikamweleza bibi aling’oe kabla halijatoa mbegu, alichome, asilitupe mpakani. Atie samadi, maana gugu hili hupenda ardhi iliyochoka. Na apande kunde. Kunde huziamsha mbegu hizo kwa hadaa, zikachipuka, zisipate pa kushika, zikafa. Na mboga ya kunde ni kitoweo.

Bibi akalishika lile shina muda mrefu. “Basi si yeye,” akasema.

Akamtuma mjukuu kwa jirani. Kijana akarudi na maua mekundu mkononi, na nyuma yake yule mkongwe mwenyewe, jembe begani, akiuliza kama shehe angeweza kupita na kwake.