Maneno Saba

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa sababu kilikuwa bei poa. Pale Posta, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa chini, nilikuwa natafuta riwaya za kujifunzia kazi, maana tangu nimalize kidato cha nne najiita mwandishi, ingawa nyumbani wananiita mkaa bure. Nikaokota kijitabu cha Kiingereza kisicho na jalada.

Ni habari za Mrusi mmoja, hana jina, mkono mmoja umepooza, anazunguka nchi na mkate mkavu mgongoni. Kilichapwa kwao miaka ya 1880. Jamaa alisikia kanisani yale ya Paulo kwa Wathesalonike, kwamba watu waombe bila kukoma, akakosa raha: utaombaje bila kukoma na huku kuna kula na kulala? Mtawa mzee akampa sala fupi aitaje mara 3,000 kwa siku, kisha 6,000, kisha 12,000. (Ni wazi hakuwa na bosi.)

Mimi Mlutheri, kwetu hatuhesabu sala. Lakini nilijaribu: Bwana Yesu Kristo, nihurumie mimi mwenye dhambi. Maneno saba. Siku ya kwanza, kwenye daladala la Gongo la Mboto, konda alinigusa bega akidai nauli, nikamjibu, "Nihurumie." Gari zima likacheka.

Nikaacha kuhesabu, sala yenyewe haikuniacha. Nikipanga mabeseni dukani Kariakoo, ipo. Nikisubiri maji bombani, ipo. Nilitegemea itanipa amani ya kuandikia. Badala yake lile neno "mimi" likaanza kunikera. Mwisho wa sala unafuata yule mtoza ushuru wa Luka 18, aliyejipiga kifua akajisemea yeye mwenyewe tu. Aliyemtaja mwenzake ni Farisayo.

Na mimi, msomaji mwenzangu, nina riwaya ya kaunta buku mbili, na yote namtaja baba. Nimemchora mlevi aliyeuza kiwanja cha mama. Ni kweli alikiuza. Ila ada yangu ya shule ya binafsi, kidato cha tatu na cha nne, ilitoka kwenye hela zile zile. Hilo nililijua tangu mwanzo, nikaliacha nje makusudi, kwa sababu hadithi ilinoga bila hilo.

Miezi miwili iliyopita mzee alikuja mjini kutibiwa macho, akafikia chumbani kwangu. Usiku wa pili akauliza:

"Unaandika nini, mwanangu?"

"Hadithi tu, baba."

"Basi nisomee. Macho yangu si unayaona."

Maneno saba yakaja yenyewe. Ujasiri haukuja. Nikamsomea sura ya kwanza, mlevi anavyoingia nyumbani akikohoa na kugombana na mlango. Baba akacheka mpaka akajifuta machozi kwa shuka. Akasema huyo bwana ni marehemu kaka yake mtupu, wallahi nimempatia.

"Endelea," akasema.

Nikamwambia taa inaisha chaji.

Aliposinzia nikawasha simu, nikafungua sura ya sita, ile ya kiwanja. Nikaandika mstari mmoja kuhusu ada, nikaukata. Nikauandika tena. Kitandani mzee akakohoa, vile vile kama nilivyomwandika.